Nani atasoma karatasi yangu?

Katika mwaka wa pili wa upadri wangu nilianza kuandika karatasi kwa ajili ya makatekista wa misioni. Ilikuwa ya kurasa nne, ilitoka kila mwezi, nami nilikuwa mwandishi, mchapaji na mgawaji. Usiku nilipiga stensili kwa mashini, taa ikitoa moshi, na asubuhi vidole vyangu vilikuwa vingali vyeusi kwa wino hata kwenye Misa. Ndani yake niliweka maelezo ya masomo ya Dominika, sheria za ndoa, mashauri juu ya kufundisha watoto. Makatekista walipofika misioni mwisho wa mwezi, kila mmoja alipokea karatasi yake kwa mikono miwili, akashukuru, akaikunja vizuri, akaitia mfukoni. Nikaona kwamba kazi imefaulu.

Mwezi wa tano nilipita sokoni. Mama mmoja alinipimia karanga, akazitia katika karatasi iliyopindwa kama pembe, akanipa. Nilipozimaliza njiani nikaikunjua ile karatasi: yalikuwa ni maneno yangu mwenyewe juu ya vizuizi vya ndoa. Nikarudi kumwuliza ameipata wapi. Akajibu pasipo haya: «Padri, wanatuletea nyingi. Ni karatasi nzuri, ni ngumu, haipasuki.»

Nilikasirika siku mbili. Siku ya tatu nilitambua kwamba yule mama ndiye mtu wa kwanza aliyeniambia ukweli juu ya kazi yangu. Miezi mitano nilikuwa nikijiuliza: Niandike nini? Niandike namna gani? Sikujiuliza hata mara moja: Ni nani atakayesoma? Atasomea wapi, saa gani, na kwa sababu gani aache shughuli zake ili anisikilize mimi?

Hayo ndiyo maswali ninayotaka kuyaeleza hapa, ndugu wapenzi, kwa maana naona si mimi peke yangu niliyekosa. Katika seminari twajifunza sarufi, twajifunza kupanga mawazo, twajifunza kuandika pasipo makosa. Lakini juu ya msomaji hatufundishwi neno. Twadhani yupo tayari, sawa na mtoto aliyeketi katika kalasi kwa sababu kengele imelia. Kumbe msomaji hakuitwa na kengele. Akichoka katika mstari wa tatu anakwenda zake bila kuaga, nawe hutajua. Mseminari mwenye gazeti la ukutani anaijua huzuni hiyo. Padri anayewaandikia wakristu wake barua ya Kwaresima anaijua. Na katekista wa leo, anayetuma mafundisho marefu kwa simu, akaona kwamba watu arobaini wamepokea na hakuna hata mmoja aliyejibu, yeye naye ni mwenzangu: karatasi yake imefungiwa karanga za namna nyingine.

Tuanze na mtu tunayemjua sote. Mwaka 1923 Papa Pio XI alimweka Mtakatifu Fransisko wa Sales kuwa msimamizi wa waandishi wakatoliki. Wengi wanakijua cheo hicho. Wachache wanajua kwamba kalamu yake ilianza katika kushindwa.

Mwezi wa tisa wa mwaka 1594, Fransisko, padri wa miezi tisa tu, alikwenda pamoja na binamu yake Louis katika nchi ya Chablais, iliyo kusini ya ziwa la Geneva. Jeshi la Bern lilikuwa limeiteka nchi ile mwaka 1536, na tangu hapo watu walikuwa wameshika mafundisho ya Calvin. Vijana hawakujua dini nyingine. Fransisko alilala katika ngome ya Allinges, akashuka kwa miguu mpaka mji wa Thonon kuhubiri, akapanda tena jioni. Majira ya baridi yakafika, njia zikajaa theluji. Na kanisani? Watu wa kuhesabika kwa vidole. Wakubwa wa mji hawakutaka watu wamsikilize, na hata yule aliyetamani kusikia aliogopa kuonwa na jirani.

Tuangalie vizuri mahali ugonjwa ulipokuwa. Mahubiri hayakuwa mabaya, mhubiri hakuwa mvivu. Ila kati ya nyumba za watu na mimbari njia ilikuwa imefungwa kwa hofu. Mwingine angaliongeza sauti. Yeye, mwanzoni mwa mwaka 1595, alianza kuyaandika mafundisho yake katika karatasi fupi fupi, zikanakiliwa na kugawanywa katika nyumba za watu. Mapokeo yanasema kwamba nyingine zilibandikwa mahali penye watu wengi, na nyingine zilipitishwa chini ya milango.

Fikirini kidogo juu ya karatasi chini ya mlango. Mtu asiyethubutu kuonwa akiingia kanisani anaweza kuisoma nyumbani mwake, mlango umefungwa. Anaweza kuiacha akairudia kesho. Anaweza kumwonyesha mke wake, ao kumpelekea mchungaji wake amwulize: «Hili tulijibu namna gani?» Mahubiri hupita pamoja na sauti, karatasi inangoja mpaka mtu awe tayari. Tena kwa kuwa ilikuwa fupi, ilimalizika kabla ya uji kupoa.

Nisiseme kupita kweli. Karatasi zile peke yake hazikuigeuza Chablais. Vitabu vingine vya watakatifu hupenda kusema hivyo, lakini mwaka 1598 Duke wa Savoie alikuja mwenyewe Thonon, na amri zake pamoja na hofu ya kufukuzwa zilisukuma watu wengi. Mambo ya namna hiyo hatuna sababu ya kuyasifu leo. Anayetaka kujifunza kuandika aziangalie karatasi, aache amri za mfalme. Karatasi zilipata kitu kidogo: ziliingia pale padri asipoweza kuingia. Na Fransisko hakuzifanya kitabu. Maandishi hayo yalikutwa mwaka 1658, zaidi ya miaka thelathini baada ya kufa kwake, yakachapwa mwaka 1672. Alikuwa ameandika kwa ajili ya nyumba za Thonon, si kwa ajili ya maktaba.

Kitabu kilichompatia wasomaji katika Ulaya nzima kilizaliwa kwa namna iliyo karibu na hiyo. Alipokuwa askofu, alimwandikia mama mmoja wa jamaa yake, Louise de Charmoisy, mashauri juu ya kuishi maisha ya sala katikati ya shughuli za nyumba na za dunia. Mama yule alimwonyesha Mjesuiti, Padri Jean Fourier, naye akamhimiza askofu ayachape. Kitabu kilitoka Lyon mwaka 1609. Sasa angalieni alivyofanya. Hakumwondoa yule mtu mmoja ili kuweka «watu wote» mahali pake. Alibadili jina tu, akamwita Philothea, maana yake ampendaye Mungu, akaendelea kusema «wewe» tangu mwanzo mpaka mwisho. Kila asomaye anajisikia ameitwa. Mimi, karatasi yangu ya kwanza ilianza hivi: «Kwa makatekista wote wa misioni hii.» Makatekista wote! Nani kati yao anaitwa «wote»?

Na kuna jambo dogo linalonichekesha kila ninapolikumbuka. Wanaume fulani hawakupenda kusoma shauri lililotolewa kwa mwanamke. Askofu hakuwaita wajinga. Katika kitabu chake kikubwa juu ya mapendo ya Mungu, cha mwaka 1616, alisema na Theotimo, jina la kiume, na katika dibaji akaeleza sababu.

Miaka mia baada ya Philothea, watu wawili wa London, ambao si mapadri wala wakatoliki, waliifanya njia hiyo kuwa kazi ya kila siku. Nitakaa kwao kwa urefu, kwa kuwa sijui mfano mwingine ulio wazi zaidi wa mwandishi aliyeanza na karatasi moja mkononi, pasipo jina kubwa, akapata wasomaji.

Wa kwanza ni Richard Steele, aliyezaliwa Dublin mwaka 1672, askari wa zamani na mtunzi wa michezo ya kuigiza. Tarehe 12 mwezi wa nne 1709 alitoa gazeti dogo liitwalo The Tatler, yaani mpiga-soga. Lilitoka siku ya pili, siku ya nne na siku ya posho, kila juma. Kwa nini siku hizo? Kwa sababu ndizo siku ambazo posta iliondoka London kwenda mikoani. Steele hakuchagua siku iliyomfaa yeye. Aliuliza gari linaondoka lini. Namba za kwanza aligawa bure, kisha akauza peni moja.

Wakati ule mji wa London ulikuwa umejaa nyumba za kahawa. Mtu aliingia, akanywa, akasoma magazeti yaliyolala mezani, akasikiliza wengine wakibishana. Ilikuwa kama baraza. Kila nyumba ilikuwa na watu wake: wapenda mashairi waliketi Will's, wenye elimu waliketi Grecian, wafuata-habari za nchi za kigeni waliketi St. James's. Steele alipanga gazeti lake kwa majina hayohayo, habari za mashairi chini ya jina la Will's, na nyingine vivyo hivyo. Hivyo msomaji alipolifungua alikuta kwanza jina la kiti chake mwenyewe. Naona katika jambo hilo akili nyingi kuliko katika sura nzima ya vitabu vyetu vya insha.

Tena hakuandika kwa jina lake. Alijiita Isaac Bickerstaff. Mwaka uliotangulia mwandishi Jonathan Swift alikuwa amelitumia jina hilo kumfanyia mzaha mtabiri mmoja wa nyota, akitangaza siku na saa atakayokufa; na siku ilipopita, akatangaza kwamba amekufa kweli, ijapokuwa mtu yu hai analalamika. Mji wote ulikuwa umecheka. Basi Steele alipoliokota jina lile, alipata mtu ambaye watu walikuwa wamekwisha kumjua na kumpenda.

Wa pili ni Joseph Addison, aliyesoma pamoja na Steele utotoni. The Tatler ilipokoma mwanzoni mwa mwaka 1711, baada ya namba 271, hao wawili walianzisha The Spectator, tarehe 1 mwezi wa tatu. Hili lilitoka kila siku isipokuwa Dominika. Lilikuwa karatasi moja iliyochapwa pande zote mbili, safu mbili kila upande, na kwa kawaida habari moja tu. Leo wivu, kesho namna ya kuomboleza, kesho kutwa mavazi. Aliyeanza kusoma alijua kwamba atamaliza.

Namba ya kwanza Addison hakuanza kwa kufundisha. Alisema kwamba asomaye kitabu hupenda kwanza kujua mwandishi ni mtu gani: mweusi ao mweupe wa sura, mpole ao mkali, ana mke ao hana. Kisha akajieleza, ila kwa hila: alichora mtu wa kubuni, mkimya kupita wote, anayeingia kila mahali, anasikiliza, wala hasemi. Huyo ndiye Mtazamaji. Msomaji alimpenda kwa sababu alimwona kama jirani mmoja asiyesengenya. Nasi twaogopa kujionyesha. Twadhani ni majivuno. Majivuno ni kujisifu. Lakini mwandishi asiye na uso ni kama mtu anayebisha mlango usiku asiseme jina lake: nani atamfungulia?

Wakampa Mtazamaji rafiki wachache wa kukutana nao: mfanyabiashara, askari, mwanasheria, padri wa dini yao, mzee mpenda mavazi, na zaidi ya wote Sir Roger de Coverley, mkubwa wa shamba, mwema, mwenye mambo yake. Katika namba moja ya mwaka 1711 twamwona kanisani kwake: anasimama wakati wengine wamepiga magoti, awahesabu wapangaji wake aone nani amekosa, wala hamruhusu mtu yeyote kusinzia wakati wa mahubiri isipokuwa yeye mwenyewe. Kila padri anamjua mzee huyo. Anaketi benchi ya mbele. Wasomaji walirudi kuuliza habari zake kama za mjomba. Na mwezi wa kumi 1712 walipomfisha, habari ya kifo chake haikuja kwa hotuba, ila kwa barua ya mtumishi mkuu wa nyumba yake, aliyeandika kama mtumishi anavyoandika akiwa analia.

Siku ya 12 mwezi wa tatu 1711, katika namba ya kumi, Addison aliwaambia wasomaji kwamba mchapaji amemhakikishia karatasi 3.000 zinagawanywa kila siku. Kisha akahesabu watu ishirini kwa kila karatasi, akapata wasomaji 60.000. Mtu aweza kutabasamu, maana hesabu ya mwandishi juu ya wasomaji wake huwa na huruma. Lakini akili iliyomo ni ya kweli: hakuhesabu karatasi zilizouzwa, alihesabu macho na masikio. Karatasi moja iliyolala mezani pa kahawa ilipita mikono mingi, na mmoja akisoma kwa sauti wengine walisikia.

Kwetu jambo hili lina uzito kuliko kule. Kijijini karatasi moja inasomwa na mtu mmoja kwa wengi: mtoto wa shule anamsomea babu, katekista anasoma chini ya mwembe baada ya sala, mke anamsomea mume aliyechoka macho. Hata habari ya simuni, mara nyingi mmoja anaishika na wanne wanasikiliza. Kwa hiyo anayeandika kwa Kiswahili aandike kwa ajili ya sikio. Sentensi ambayo msomaji anaishiwa pumzi kabla ya kuimaliza imekwisha kupotea. Mimi sasa nampa mpishi wa misioni asome kwa sauti, nami nasikiliza. Anapokwama, sisemi kwamba hajui kusoma. Napiga mstari chini ya neno langu.

Katika namba ile ile Addison alisema anatamani kuitoa falsafa katika maktaba na vyuo, ili ikae penye mikutano ya watu, penye meza za chai na nyumba za kahawa. Aliomba pia kwamba nyumba zenye utaratibu, zinazotenga saa moja asubuhi kwa chai na mkate, ziagize gazeti lake liletwe mezani pamoja na vyombo vya chai. Kwa maneno hayo alikuwa anawaalika wanawake, ambao hawakuwa na desturi ya kuketi katika nyumba za kahawa. Magazeti mengine yalijaza vita na mabishano ya wakubwa. Yeye alisema na nusu ya mji iliyosahauliwa. Je, katika karatasi zetu za parokia kuna mistari mingapi ambayo mama wa nyumbani anaweza kusema: hii imeandikwa juu ya siku yangu?

Lakini neno lililowafunga wasomaji kuliko yote lilikuwa barua. Steele na Addison waliwaalika watu waandike, wakazichapa barua zao na kuzijibu. Mwuza marashi mmoja, Charles Lillie, aliyekuwa na duka karibu na barabara ya Strand, aliuza gazeti na kuzipokea barua. Kijana anamlalamikia mchumba, mke anamlalamikia mume, mtumishi anawalalamikia mabwana: yote yalipata nafasi. Mtu aliyetuma barua alinunua gazeti kila siku kuona kama imetoka. Na jirani zake wakanunua kuona kama ni yeye. Nisifiche kwamba barua nyingine hao wawili walizitunga wenyewe ao kuzinyoosha. Si desturi ninayowapa mwige. Hata hivyo za kweli zilikuwa nyingi: mwaka 1725 Lillie alichapa vitabu viwili vilivyojaa barua zilizobaki tu, ambazo hazikupata nafasi. Na mwaka 1713, katika gazeti jingine la Steele, The Guardian, kichwa cha simba kiliwekwa katika nyumba ya kahawa iitwayo Button's, kinywa wazi, na watu wakazitupa barua zao ndani ya kinywa hicho. Sanduku la barua lingalitosha, lakini ni nani asiyependa kumlisha simba?

Neno moja tena juu ya hao, nalo ni la kupita. Nchi yao ilikuwa imegawanyika katika vyama viwili vyenye chuki. Katika namba ya kwanza ya The Spectator mwandishi aliahidi kutoshika upande. Nadhani Steele alikuwa amejifunza kwa gharama: mwaka 1710, serikali ilipobadilika, alipoteza kazi yake ya kuongoza gazeti la serikali. Matusi huleta wasomaji wengi upesi, kama vile ugomvi njiani unavyokusanya watu. Ugomvi ukiisha kila mtu anakwenda zake.

Mwaka 1712, tarehe 1 mwezi wa nane, serikali iliweka ushuru wa muhuri juu ya kila karatasi ya gazeti. Magazeti mengi yalikufa. Siku iliyotangulia, Addison aliwaeleza wasomaji waziwazi kwa nini bei itapanda. Ikawa peni mbili. Mauzo yalipungua sana, lakini gazeti liliendelea bila kukosa siku yake mpaka namba 555, tarehe 6 mwezi wa kumi na mbili.

Watu wengi walilisoma baadaye katika vitabu. Kimoja kilivuka bahari kikafika Boston, mikononi mwa kijana aliyejifunza kazi ya kuchapa kwa kaka yake. Alikuwa Benjamin Franklin. Alisoma habari moja, akaandika maana yake kwa ufupi, akaiweka kando siku chache, kisha akajaribu kuiandika upya kwa maneno yake, akalinganisha na kusahihisha makosa yake. Mwaka 1722, akiwa na miaka 16, alitaka kuandika katika gazeti la kaka yake, lakini alijua kwamba jina lake halitapokelewa. Basi akajifanya mjane mmoja wa shamba, Silence Dogood, akabadili mwandiko, na usiku akaipitisha barua chini ya mlango wa nyumba ya kuchapia. Asubuhi kaka yake na rafiki zake waliisoma mbele yake, wakaisifu, wakakisia mwandishi ni nani, wakataja watu wenye elimu tu. Barua zikawa kumi na nne.

Sasa nirudi kwa karatasi yangu. Nilipokwisha kukasirika nilijaribiwa kufanya jambo jepesi: kuwaamuru makatekista waisome na kuwapa mtihani mwisho wa mwezi. Wangaliisoma, naamini. Wangaliisoma usiku wa kuamkia mtihani, na siku ya pili ingalikuwa sokoni.

Badala yake niliketi nikamfikiri mmoja wao. Ni mzee wa kapela ya mbali, mwendo wa siku mbili kwa miguu. Mimi nafika kwake mara tatu kwa mwaka. Miezi mingine yote yupo peke yake mbele ya kitanda cha mgonjwa, mbele ya ndugu wawili wanaogombania shamba, mbele ya msichana anayemwuliza swali ambalo hakulisikia katika mafunzo yake. Nilikuwa nimempelekea vizuizi vya ndoa kwa hesabu, cha kwanza mpaka cha mwisho. Yeye alihitaji kujua atasema nini Dominika ijayo kwa mama aliyefiwa na mtoto kabla ya ubatizo. Nilipoliona hilo niliona haya kuliko sokoni.

Nikapunguza kurasa nne, ikabaki moja. Nikaacha kungoja mwisho wa mwezi. Nikaituma na wauza samaki, wanaopita vijiji vile siku ya soko, maana wao hawakosi. Kila namba ilikuwa na swali moja tu, lililoulizwa kweli na mtu, na jibu langu, na chini yake nafasi nyeupe ya mistari sita kwa yule mwenye jibu bora. Wauza samaki walirudi na mikono mitupu mwezi wa kwanza, na wa pili pia.

Mwezi wa tatu karatasi moja ilirudi, inanuka samaki, mistari sita imejaa na maneno yameendelea hata pembeni. Yule mzee alinilaumu: niliandika kwamba soko la kwao ni siku ya tatu, kumbe ni siku ya tano, na juu ya swali la mama aliyefiwa, alisema jibu langu ni la kweli lakini linasemwa upesi mno, akaeleza yeye hukaa kwanza nyumbani kwa mama yule namna gani, na kwa muda gani, kabla ya kufungua kinywa. Niliichapa barua yake nzima katika namba iliyofuata, pamoja na lile kosa langu la siku ya soko.